Kaboni na Chuma Chini ya Ngazi

3 Juni, Jumatatu

Mwenye nyumba katoa amri. Chini ya ngazi ikae baiskeli moja tu kwa kila mpangaji. Zetu mbili zinaziba njia, anasema, na asubuhi kajikwaa kwenye pedali akamwaga ndoo nzima. Alikuja kutuambia suruali bado inachuruzika. Ndani hatuna pa kuweka baiskeli. Chumbani kuna kitanda na sebule imemezwa na cherehani ya mke wangu.

Kwa hiyo moja iondoke. Nilidhani jambo liko wazi! Yangu ni ya kisasa, fremu ya kaboni, naiinua kwa vidole viwili. Yake ni chuma cha zamani alichoachiwa na marehemu baba yake. Keria, madigadi, kengele kubwa, kiti cha ngozi kinacholia kama mlango. Nikamwambia kwa upole kwamba baba mkwe, Mungu amrehemu, angefurahi kuona chuma chake kimepumzika. Akajibu kwamba baba yake alimfundishia kuendesha kwenye kiti kilekile, na kama kuna kitu cha kupumzika humu ndani basi ni mdomo wangu.

Tumekubaliana kushindana. Jumamosi asubuhi, kutoka hapa hadi tenki la maji juu ya kilima, kisha kuteremka upande wa pili hadi kwa Kinyozi. Atakayeshindwa, baiskeli yake inatoka. Haitakuwa yangu. Ile ni kitu pekee maishani nilichonunua kikiwa kipya. Naipenda, basi!

4 Juni, Jumanne

Kazini hakukaliki. Nimemfungia mteja vioo vya miwani, cha kulia kushoto, cha kushoto kulia. Kaondoka akipapasa ukuta. Bosi kanikata jicho.

Akili yote iko kwenye uzito. Jioni nimeipunguza baiskeli. Kengele, nje. Kishikio cha chupa, nje. Taa, nje. Nikabaki naitazama breki. Ziko mbili. Za nini mbili? Nimeng'oa ya nyuma. Sasa inakaribia kuruka yenyewe!

Nikapita kwa Kinyozi kunyoa ndevu na kichwa, nikamweleza kwamba kila kitu kina uzito wake. Akasema nywele zangu hazina uzito wa kutisha, wala kilicho chini yake. Ndiye refa wetu. Nimemlipa na chenji nimemwachia.

5 Juni, Jumatano

Mke wangu hafanyi mazoezi. Hili linanitafuna. Anashona, anaimba kwa pua, anashona. Nikamuuliza kama anaogopa. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nimezunguka sebule mpaka akanitoa nje. Huko nje wazo likanijia. Mimi siwezi kupungua zaidi, lakini yeye anaweza kuongezeka! Nyuma ya gereji ya mtaani kuna rundo la nati na bolti mbovu. Nimejaza soksi yangu moja, ndefu, ili zisigonge-gonge. Nikachomoa kiti cha baiskeli yake, nikaisindilia soksi ndani ya bomba, nikarudisha kiti. Nani ataona?

Nikiwa nimechuchumaa pale mwenye nyumba akateremka. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa na kandambili. Akanitazama miguu, akapita.

6 Juni, Alhamisi

Mke wangu kauliza soksi yangu ya pili iko wapi. Nikasema soksi siku hizi zinapotea ovyo, hata watu wakubwa yamewakuta. Akanitazama kwa muda mrefu mno.

Nimekula nimesimama. Roho inanisuta kidogo, nakiri. Ile baiskeli ni ya baba yake. Nikashuka haraka kuitoa soksi, nikakuta ameshaondoka nayo kupeleka magauni kwa mteja. Akarudi hata hahemi! Anasema leo imetulia barabarani kuliko siku zote.

Nimeamua hiyo ni ishara niache mambo yalivyo.

8 Juni, Jumamosi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa sababu kuketi hakuwezekani.

Mlimani nilikuwa mshale. Mshale! Nikageuka nikamwona kule chini, amenyooka kitini kama yuko kanisani, anakanyaga taratibu. Nikafika kwenye tenki peke yangu. Ningeteremka palepale mambo yangekuwa yamekwisha, lakini ushindi bila mtu wa kuuona una raha gani? Nikamngoja. Nikampungia mkono. Alipokaribia ndipo nikaanza kuteremka.

Nisimulie vipi? Barabara ya upande ule ina kokoto na mashimo, na matairi yangu ni membamba kama mkanda wa suruali. Breki iliyobaki ni ya mbele. Kila nikiigusa, nyuma inanyanyuka inataka kunipita kichwani. Nikiiachia, naona kaburi. Nikawa nateremka kwa kuburuta viatu, huku nikipiga kelele watu wapishe, maana kengele niliing'oa. Mama mmoja na mbuzi wake walinipita.

Kisha nikasikia kengele. Ile kubwa! Mke wangu akapita kama gari la mizigo, sketi kaikunja vizuri, wala hakugeuka. Nikasahau breki, nikaachia nimfukuze. Shimo la kwanza nililiruka. La pili lilinipokea.

Nilifika kwa Kinyozi naisukuma baiskeli. Mke wangu alikuwa kwenye kiti cha wateja, anakunywa maji. Kinyozi kanishika mkono kunipa pole, kisha akacheka mpaka akaketi chini. Mke wangu akasema hata hakukanyaga kule mteremkoni. Imejiendea yenyewe, anasema. Nzito, imetulia.

Nzito! Moyo ulinipasuka. Zile nati ni zangu! Nimemsukuma kwa mikono yangu mwenyewe!

9 Juni, Jumapili

Asubuhi nimekuta soksi yangu mezani pembeni ya kikombe. Imefuliwa. Nati zimepangwa kwenye sahani.

Alijua tangu Alhamisi. Kiti kilikuwa kimepanda kidogo, miguu ikamwambia. Nikamuuliza kwa nini hakuitoa. Akasema mume akikubebesha mzigo kwa siri, afadhali uubebe umwone atalala vipi. Na sikulala. Akasema pia kwamba hakukasirikia nati. Alikasirika kwamba nilikichomoa kile kiti nikakirudisha kimepinda, na baba yake alikuwa akikipima kwa jicho kila asubuhi.

Nimeona aibu ya kweli. Nimeomba radhi, nimekinyoosha kiti, nimeahidi kesho yangu inatoka na yaishe. Akanipaka dawa mgongoni. Akasema ataniazima yake siku za mvua, maana ina madigadi. Sistahili mke huyu.

10 Juni, Jumatatu

Nimetimiza ahadi! Kaboni imetoka. Nimeipeleka kwa fundi wa baiskeli, nikabadilishana naye mkono kwa mkono na chuma cha zamani, kizito kuliko cha baba mkwe. Tulikiinua watu wawili. Fundi alikuwa akitabasamu peke yake. Namwonea huruma, hajui mteremko ni nini.

Nimeiegesha chini ya ngazi kando ya ile nyingine. Mwenye nyumba kanikuta palepale, kasema amri ilikuwa baiskeli moja. Nikamweleza kwa utulivu kwamba ya kisasa imeshaondoka, hizi ni za chuma zote, ni familia moja. Hakuelewa. Watu wengine hawaelimiki.

Lakini nikakumbuka na yeye anayo, aliletewa na mwanawe. Ya kaboni, bado ina karatasi za dukani! Nikamwambia tumalize kiume, Jumamosi, njia ileile. Nikishinda, nafasi yote ya chini ya ngazi ni yetu. Akauliza, na akishinda yeye? Nikasema achague mwenyewe. Akachagua tuhame, ana mpwa wake anatafuta nyumba. Nikampa mkono kabla hajabadili mawazo.

Mke wangu sijamwambia. Anashona, anaimba kwa pua. Atajua nikishashinda.