Kamera Ndani ya Mto wa Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti

Daftari jipya. La zamani mke wangu Mwaija alichana kurasa akafungia karanga. Hili nalificha ndani ya gunia la mpunga. Hatalifikia mpaka mpunga uishe.

Habari kubwa! Hapa Mlingotini amekuja mpiga picha kutoka Dar es Salaam, jina lake Adila. Hapigi picha za watu, anapiga za ndege. Heroe wametua kwenye mashamba ya chumvi, wengi, wekundu, na yeye anawataka. Gari halipiti kwenye yale matuta. Pikipiki inawatimua ndege. Bega linamuuma, hawezi kubeba vyombo vyake. Anatafuta mtu mwangalifu mwenye baiskeli.

Mimi huyo! Miaka kumi na minane nimepeleka samaki Bagamoyo kwa baiskeli. Hakuna samaki aliyewahi kulalamika.

Aliniamkia vizuri, shikamoo mzee. Nikaitika marahaba. Lakini mzee ya nini? Nina hamsini na moja tu.

Aliniuliza nataka ujira gani. Nikasema sitaki hela, nataka picha moja, mimi na mke wangu. Akanitazama kidogo, akakubali. Vyombo vikifika salama siku ya Alhamisi, atatupiga picha na kuitia kwenye fremu ya kioo. Visipofika salama, hakuna picha, na kazi anapewa Mwishehe wa bodaboda, ambaye asubuhi tu alishakwenda kujipendekeza.

Mwaija sijamwambia. Nataka aione picha ukutani, aduwae.

Jumapili, 3 Agosti

Niandike sababu, nisije nikaonekana mpenda sifa.

Sebuleni kwetu kuna msumari. Aliupigilia marehemu mama mkwe wangu, Bi Kuruthumu, siku ya harusi yetu, miaka ishirini na sita iliyopita. Alitaka atundike picha ya binti yake kavaa vya harusi. Picha haikuja. Kosa langu.

Ilikuwa siku ya tatu ya fungate. Bwana harusi hatoki nje siku saba, hata mtoto analijua hilo. Mimi nikasikia mpiga picha kakosa usafiri wa kurudi mjini. Nikaona picha zitachelewa. Nikatoka kwa mlango wa uani, nikapakia mkoba wake kwenye keria, nikasema nitaufikisha mwenyewe, bibi harusi wangu afurahi mapema. Kwenye daraja la magogo ya minazi, chubwi! Mimi, mkoba, filamu zote. Nikarudi nina tope mpaka kwenye kope. Mwaija akanifuta uso kwa kanga yake mpya, hakusema neno. Mama yake aliyasema yote kwa niaba yake, na aliendelea kuyasema mpaka Mungu alipomchukua.

Kwenye msumari sasa hutundikwa kalenda. Kila mwaka mpya Mwaija anaivua kalenda ya zamani, anaushika ule msumari kidogo kwa kidole, ndipo anatundika nyingine. Anadhani sijamwona. Nimemwona mara ishirini na sita. Bora angenitukana.

Jumatatu, 4 Agosti

Majaribio yameanza. Nimelitoa tenga langu la samaki, nikaliosha kwa majivu na ndimu saba. Kwa pua yangu halinuki kabisa. Kunguru wana pua nyingine. Walikuja kumi, wakalizunguka, mmoja akaingia ndani akakaa kama kwake.

Badala ya kamera nilitumia mayai ya kuku wa Mwaija. Nilipakia sita ndani ya tenga tupu, nikaenda mpaka msikitini na kurudi. Yote yamepasuka. Nikatandika majani makavu ya mpunga, nikapakia sita mengine. Manne yamepasuka. Wale kunguru walinisindikiza njia nzima kwa furaha.

Mwaija kauliza mbona kuku hawatagi. Nikamwambia labda wana mawazo.

Nikakutana na Mwishehe. Kaazima baiskeli ya binti yake, ina kikapu cha waridi mbele. Mwanamume mzima! Kaniambia amemsimulia Adila habari za daraja na ile filamu. Nikamwambia mdomo wake ungekuwa na breki angefika mbali.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Mto wa sufi!

Bi Kuruthumu alitushonea mito miwili ya harusi. Sufi aliichuma mwenyewe, akaichambua mbegu moja moja. Alikuwa akijisifu kwamba sufi yake hata maji hainywi. Mto wangu umelala chapati, kichwa changu kizito. Wa Mwaija umejaa vilevile, kwa sababu huuanika juani kila wiki na kuupigapiga.

Kwa hiyo nimechukua wa Mwaija. Si wizi. Nauazima kwa faida yake mwenyewe.

Alipokwenda kisimani nikaufumua, nikatoa sufi yote, nikaijaza tengani. Nikaweka mayai sita katikati, nikapita makusudi kwenye mashimo yote ya kijiji. Hakuna lililopasuka! Nilikaribia kulia. Masikini mama mkwe, angejua.

Mfuko wa mto nimeujaza makumbi ya nazi na kuushona. Kushona kwangu si kuzuri sana, lakini kwa mbali unapendeza.

Jumatano, 6 Agosti

Mwaija kaamka shingo imekakamaa. Kasema mto umekuwa mgumu. Nikamwambia ni upepo wa kusi, mito ya kijiji kizima imekuwa hivyo. Akanitazama. Yale macho nayajua. Nikaenda kutia mafuta cheni.

Adila kaja kunionyesha vyombo. Kamera, na lenzi ndefu kama mchi. Bei yake sikuuliza, nililinda afya yangu. Akanieleza kwa upole kwamba njia salama ni kukiacha kila kitu ndani ya mkoba wake na mimi niuvae mgongoni. Mwili wa mtu, kasema, unapokea mtikisiko vizuri kuliko keria. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, mwanangu. Moyoni nikasema huyu hajui matenga. Mkoba wa mgongoni ni wa mwanafunzi.

Mwishehe atabeba ile stendi ya miguu mitatu, kwenye kikapu chake cha waridi. Nimefurahi. Inamfaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nguo bado zina tope. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi nimepakia. Kamera na lenzi katikati ya sufi, gunia juu, mpira wa tyubu nimeuzungusha mara tisa. Adila alipoona tenga alifumba macho, akauliza mkoba uko wapi. Nikamwambia mkoba nimeuvaa, na kweli nilikuwa nimeuvaa mgongoni, mtupu. Akasema basi, liwalo na liwe, akatufuata kwa miguu.

Tumefika kwenye daraja la minazi, lilelile. Nikashuka. Nikaisukuma baiskeli polepole, nasoma Ayatul Kursiy. Gogo la kwanza, la pili, la tatu. Nimevuka! Miaka ishirini na sita na nimevuka! Mwishehe mwenyewe alipiga makofi.

Sasa. Sisi wabeba samaki tuna kawaida yetu. Ukishavuka daraja, unasimama, unateka maji ya mfereji, unaumwagia mzigo, ndipo unaendelea, ili samaki wasiharibike kwa jua. Miaka kumi na minane nimefanya hivyo mahali palepale. Kopo langu linaning'inia kwenye usukani.

Nilikuwa na furaha. Sikuwa nafikiri. Nikateka kopo la kwanza, nikamwaga. La pili, nikamwaga. La tatu nikanyunyiza pembeni vizuri, kama inavyotakiwa.

Ndipo nikamsikia Adila anapiga ukelele.

Nikakaa chini kwenye tope. Nikaiona ile kalenda. Nikaona itatundikwa pale mpaka siku ya kufa kwangu. 

Adila alifungua mpira, akatoa gunia, akaingiza mkono.  Akautoa mkono mkavu. Sufi ya juu ilikuwa na matone yaliyosimama tu, hayajaingia. Ndani kukavu kabisa! Kamera nzima, lenzi nzima. Hainywi maji! Mama mkwe alikuwa anasema kweli, Allah amrehemu, na sisi tulidhani anajisifu.

Basi ukaja upepo. Tenga lilikuwa wazi. Sufi yote ikapaa. Ikamjaa Mwishehe kwenye ndevu, ikanijaa mimi, ikatanda juu ya chumvi. Heroe wakaona mambo haya hawayaelewi, wakaruka wote kwa pamoja. Kofia yangu ikaenda nao.

Na kutoka upande wa darajani akatokea Mwaija.

Tenga lina matundu, hilo sikulipigia hesabu. Uzi wangu ulikuwa umefumuka, makumbi yamemwagika kitandani. Akatoka nje, akaona sufi mlangoni, akaona nyingine kwa jirani, akaifuata njia nzima akiiokota na kuitia kwenye kanga yake. Akaniuliza mbele ya watu, Baba Hajra, mto wa mama yangu umeufanya nini. Nikaanza kueleza habari za upepo wa kusi. Akasema njia ya mwongo fupi, na yeye ameitembea yote kwa miguu.

Mwishehe ndiye aliyesema. Huyo huyo mwenye mdomo usio na breki. Akamwambia, dada Mwaija, usimgombeze, hakutaka hela, alitaka mpigwe picha, ile ya msumari.

 Mwaija kaitazama kanga yake iliyojaa sufi, kanitazama mimi kwenye tope. Akachutama, akakamata ncha ya kanga, akaanza kunifuta uso. Sufi yote aliyoiokota ikamwagika tena, ikamjaa kichwani. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kumbe siku zote nilikuwa naukumbuka ule msumari. Nikamwambia naukumbuka kila siku. Nikamwambia pia nampenda. Sijui mara ya mwisho nilimwambia lini. Kasema ninyamaze, watu wapo.

Adila alikuwa ameshapiga. Nikapinga, sina kofia! Mwishehe akavua yake, ya kwenda msikitini, akanivika. Namshukuru. Ni kubwa, ana kichwa kikubwa. Akatupiga nyingine.

Heroe, kasema Adila, watarudi kesho. Kasema kesho mkoba atauvaa Mwishehe. Sikubisha. Nilibisha kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempa Mwaija mto wangu. Mimi nalalia gunia lililokunjwa, na sikuguna hata mara moja. Niliguna mara mbili.

Adila alituonyesha picha kwenye kamera. Aliichagua ile ya kwanza, isiyo na kofia. Tumejaa sufi vichwani, tumekuwa vizee weupe, yeye kanishika shavu kwa kanga, mimi nimefumba macho. Nilisema ipigwe upya. Mwaija kasema hapana, hii hii. Kasema ya harusi ingekuwa ya watu wawili wasiojuana. Kisha kasema na Mama yumo, maana sufi ni yake. Hapo akalia kidogo, nami nikamshika mkono, na hakuna aliyesema watu wapo.

Kalenda imeshavuliwa. Msumari umesuguliwa kutu kwa mchanga.

Ijumaa, 15 Agosti

Picha tayari! Iko kwa fundi wa fremu mjini Bagamoyo, na kioo chake, kikubwa kama sinia la pilau. Adila kapiga simu. Kasema tusihangaike, Jumapili ataileta mwenyewe kwa gari, akiwa ameifunga kwenye mablanketi mawili. Kaniomba, kwa heshima zote, nisiende kuichukua. Mwaija kaniambia vilevile, kaniapisha kwa jina la mama yake. Nimewaambia wote sawa.

Nilikuwa nasema kweli. Lakini kutoka msikitini Mwishehe kaniambia anakwenda mjini jioni, anaweza kuipitia. Kwa pikipiki! Kioo! Kwenye barabara ile!

Na hilo gari la Adila nimeliona, spring zake ngumu. Na Jumapili ni mbali, na ule msumari hauna kitu sasa, hata kalenda, unamkodolea Mwaija macho kila akipita. Keria ya baiskeli, ukiijua, ni laini kuliko gari. Daraja nimeshalizoea. Kopo nimelifungua kwenye usukani, nimelificha, kwa hiyo hatari yenyewe imeshaondoka. Tenga nimeliziba matundu. Nikitoka sasa hivi, kabla ya alasiri nimekwisha kurudi, Mwaija akiamka anaikuta ukutani.

Kilichobaki ni sufi tu. Mwaija kala pilau, kalala, anakoroma kidogo, kapendeza. Kichwa chake kiko juu ya mto wa pili, ule niliompa.

Nasubiri ageuke.