Kilio cha Mshika Kamera

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba

Sinema yangu imeanza rasmi. Inaitwa Alizikwa Mchana. Mimi Dieumerci ndiye réalisateur anayeongoza, ndiye scénariste anayetunga hadithi, ndiye mwenye kamera. Shule niliiacha mwaka wa pili sekondari, au yenyewe iliniacha, habari hiyo haihusu sanaa. Scénario iko kichwani. Huko hakuna wa kuiiba.

Leo tumepiga picha ufukweni. Nadège anacheza mjane. Nyandwi, Mrundi jirani yangu mwenye kulima mihogo, anacheza marehemu. Ana kipaji. Analala kwenye jua kali na hafukuzi hata nzi. Nadège amesema hicho si kipaji, ni uchovu wa jembe. Wivu wa wasanii.

Jumapili tunaonyesha kwenye ukumbi wa video wa Placide. Placide amesema nikijaza viti, kila Jumapili itakuwa yangu. Nisipojaza, anampa Jérémie. Jérémie anapiga video za wanamuziki na ana kofia kubwa kuliko mawazo yake. Akipata ukumbi ule, mimi ni mpiga picha za harusi mpaka meno yaishe.

Shida iko moja. Scénario inataka kilio cha msiba chenye watu wengi, na mimi watu sina.

Jumanne, tarehe 9

Akili imefika nikiwa nakula bugali na ndagala. Kwetu mutu akifa, unasimamisha matawi ya mti wa mawese mlangoni mwa parcelle, ua wa nyumba. Anayepita haulizi. Anaingia, anakaa, analia. Basi kesho nasimamisha matawi kwangu! Watakuja wenyewe, na machozi yao, na kuni zao.

Nadège hakucheka. Amesema kilio hakifunguliwi bila maiti, kwa sababu kitabaki kinaitafuta. Nimemwambia sentensi ni nzuri, naiweka kwenye scénario.

Jumatano, tarehe 10

Ushindi. Matawi hayajakaa vizuri, parcelle imejaa. Bamama ba kwaya, wavuvi, jirani Alida na sufuria yake. Nyandwi kwenye mkeka, amefunikwa shuka mpaka kichwani. Mimi kofia usoni, kamera jichoni, vyombo vya kusikilizia masikioni. Nani anamtazama mpiga picha? Siku hizi kila kilio kina wake.

Ila mama mmoja. Simjui. Kitambaa cheupe kichwani, na pindo la kitenge chake linachuruzika maji. Ni kiangazi, kwangu ni vumbi tupu. Alikaa kwenye kichwa cha mkeka. Wengine wote wanamlilia maiti, yeye analia akiangalia kamera. Nikaenda kushoto, akageuka kushoto. Kosa kubwa la kazi. Nikatoa kisikilizio kimoja, nikainama, nikamnong'oneza: mama, muangalie maiti.

Akanijibu polepole, kama anayemsahihisha mutoto: «Mwanangu, si ndiye namuangalia?»

Nitamkata kwenye montage, nikiunganisha picha.

Mchana Nadège alitangaza kwamba mwili unaenda kuzikwa Lubondja, kijijini kwa bababa wadogo wa marehemu. Tukapakia Nyandwi kwenye kamioneti. Kwenye kona akashuka, akaenda kwa mihogo yake.

Alhamisi, tarehe 11

Nimekufa.

Nimekwenda kununua sabuni kwa Arlette. Ameniona, amefunga dirisha la duka. Akasema kupitia ufa: «Dieumerci, rudia kule. Tulikulilia vizuri, deni hatuna.»

Batoto wamekimbia. Mbwa wa Alida, ambaye hajawahi kuniheshimu, ameondoka njiani.

Nadège ndiye amenieleza, kwa furaha kidogo kuzidi kiasi. Matawi yalikuwa kwangu. Uso wa maiti ulifunikwa. Na yule mama wa kitambaa cheupe alikuwa analia kwa kuita jina langu, kwaya ikamfuata. Mimi na visikilizio vyangu nilisikia kelele nzuri tu. Nimemuuliza Nyandwi kwa nini alinyamaza chini ya shuka. Amesema mimi ndiye niliyemfundisha kwamba maiti haisemi.

Halafu baraka imekuja. Jérémie ameweka picha yangu kwenye WhatsApp, na mshumaa. Ameandika kwamba mimi ni kaka yake mkubwa niliyemfundisha kila kitu, na kwamba Jumapili mji wetu wote wa Baraka uje kwa Placide kuniaga. Ukweli, hatimaye. Placide anaongeza mabenchi. Nikiwa hai sikuwahi kujaza mawili.

Nimeamua. Nabaki maiti mpaka Jumapili.

Nadège akauliza: na mama yako? Mama yuko Ubwari, ng'ambo ya ziwa, kusiko na réseau ya simu. Nimesema habari haiogelei haraka hivyo. Amesema boti zinaondoka kila asubuhi, na kwamba nimtume mutu leo leo. Baada ya Jumapili, nimemjibu. Mama yangu ana nguvu.

Amenitazama kama kinyesi cha bata. Sawa. Wasanii hatueleweki.

Ijumaa, tarehe 12

Montage, madirisha yamefungwa, kwa sababu ya umaiti.

Yule mama wa kitambaa cheupe yuko kwenye picha za Jumatatu.

Ufukweni. Nadège analia mbele, na nyuma, mbali, mama amesimama ziwani, maji mpaka kifuani. Picha inayofuata, maji yako magotini. Inayofuata yuko mchangani, nyuma ya Nyandwi. Kila mahali ananiangalia mimi. Jumatatu nilikuwa pale, ufukwe ulikuwa mtupu. Hata bata hakukuwa.

Nimezima mashine. Nimewasha. Amekaribia kidogo tena. Huenda ni zoom.

Lazima niseme ukweli: uso wake unapokea mwanga vizuri kuliko wa Nadège.

Jumamosi, tarehe 13

Mama yangu amefika.

Nimemwona kwa ufa wa dirisha akiingia. Peku. Nywele amenyoa zote. Mikononi amebeba shati langu la komunyo ya kwanza, ili nizikwe nalo. Nikaingia chini ya kitanda. Jumapili ilikuwa kesho tu.

Akaingia ndani, akakaa chini, akaweka shati magotini. Hakulia. Akaanza kulisemesha. Akaliambia lilikuwa na uongo tangu tumboni, kila mara linasema litavuka kuja kumwona na halivuki, na yeye kila mara alipika.

Hapo nikashindwa. Nikasema: mama, mi niko.

Nikatoka. Akanishika masikio, pua, vidole, kama anayekagua mbuzi sokoni. Halafu akanipiga na lile shati mpaka kifungo kikaruka. Halafu akakaa chini, akanishika mguu, na hakuuachilia mpaka jua likageuka.

Alipoweza kuongea, nikamuuliza ni boti gani iliyompelekea habari. Akasema za boti zilifika jana. Wa kwanza kumwambia alikuwa mama mmoja, kitambaa cheupe, kitenge kinachuruzika. Alisimama mlangoni kwake akasema: mwanao analiliwa Jumatano, usichelewe. Mama alimfukuza kama kichaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mimi kilio nilikifikiria Jumanne.

Mama akasema nifute sinema hiyo, na keshokutwa tupande boti, twende naye Ubwari. Nimeahidi. Kuahidi hakuzuii mutu kuonyesha sinema kesho.

Jumapili, tarehe 14

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Jérémie alisimama mbele, akalia kwa ufundi. Nikasubiri mwisho, nikatoka nyuma ya pazia na mikono juu.

Mabenchi yamevunjika. Jérémie amepita dirishani, kofia imebaki. Ninayo. Placide amesema katika maisha yake hajaona onyesho kama hili, na Jumapili zote ni zangu.

Kitu kimoja tu. Mwishoni, uso wa yule mama ulijaza kitambaa chote cha picha, kutoka ukingo hadi ukingo. Uso mkubwa hivyo sikuupiga. Na alipofunga macho, watu wote mle ndani waligeuka kunitafuta, kabla sijatoka.

Uchezaji wa namna hii haufundishwi.

Jumatatu, tarehe 15

Mzigo nimefunga. Mama ametangulia bandarini, nimemwambia niko nyuma yake.

Lakini nimefungua mlango, na matawi ya mawese yamesimama kwangu. Mapya, mabichi, yanadondosha maji kwenye vumbi. Si mimi niliyeyaweka. Yaani kuna mutu ananipangia décor ya sinema bure! Sehemu ya pili imeanza yenyewe, nani ataiacha?

Nyandwi amekataa kulala, amesema ana mihogo. Nadège amenifungia mlango, amesema nikimbie bandarini, nikimbie kweli. Haidhuru. Maiti ni kazi rahisi, nitalala mwenyewe. Mkeka tayari. Shuka tayari.

Alikosekana wa kushika kamera, naye amefika. Ameingia bila kubisha, pindo linachuruzika, mikono ameinyoosha. Nimetaka kumwonyesha kitufe. Anakijua.

Boti inapiga honi. Mama atasubiri kidogo, amezoea. Ni picha moja tu.