Mshairi Wangu wa Molo

Jumamosi, 7 Juni

Kikundi cha waandishi leo, ukumbi wa kanisa, mtaa wa Section 58 hapa Nakuru. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Edinah, alistaafu lakini chaki haijamtoka. Sheria yake ni moja: mlezi haombi, anaombwa. Yaani mshairi mchanga akikutaka umfundishe, anasema mwenyewe, unakuwa mlezi wake. Niko hapo tangu Januari. Hakuna ameniomba! Bethwel, yule wa kuchora twiga kwa ukuta za shule za nasari, ako na wanne. Wanne!

Nikasoma shairi langu, "Ewe Nakuru, Jitu la Chuma". Beti sitini na nne. Nikifika ishirini Mwalimu akasema asante Sitati, chai inapoa. Bethwel akauliza kama hilo jitu litafika mwisho kabla ya Krismasi. Watu wakacheka hadi mandazi ikawatoka mdomoni.

Baada ya chai kila mlezi akaondoka na watu wake, wanabishana njiani. Mimi nikabaki kuosha vikombe. Hakuna mtu alinituma.

Lakini nimepata akili. Kama hakuna wa kuniomba, si nimtengeneze?

Jumatatu, 9 Juni

Nimenunua laini mpya ya simu. Jina: Jerotich. Miaka kumi na tisa, anachimba viazi Molo, mpole, ana haya. Amemwandikia Mwalimu meseji ya heshima sana, ati amesikia sifa za Sitati na anamwomba awe mlezi wake.

Mwalimu akajibu: tuma shairi moja.

Uwii! Nilikuwa nakula. Nikaandika tu hapo hapo, mkono moja, bila vina:

Nimechemsha viazi vya watu wawili.
Mmoja nimemwekea sahani.
Sahani imepoa kabisa.

Takataka. Lakini ni mwanafunzi, lazima aanzie chini ndio nimwinue.

Jumamosi, 14 Juni

Mwalimu alisoma lile la viazi. Akasoma tena. Mama mmoja akatoa leso. Halafu makofi! Mimi sijawahi pigiwa makofi hapo hata ya kufukuza nzi.

Nikasimama kuchukua mwanafunzi wangu. Mwalimu akasema ngoja. Akasema huyu msichana ni zawadi, anahitaji mtu amekomaa. Nikamkumbusha sheria: ameniomba mimi, kwa jina! Akaniita kando, akaniambia polepole, Sitati kijana wangu, wewe mwenyewe bado unatafutiwa mlezi.

Wakainua mikono. Jerotich akapewa Bethwel.

Bethwel! Nimemzaa mtoto mwenyewe, amepelekwa kwa jirani.

Jumatano, 18 Juni

Bethwel anaandikia Jerotich kila siku. Nilidhani ataanza kujigamba. Meseji ya kwanza: "Sasa Jerotich, umekula? Baridi ya huko iko aje?"

Nimekaa na hiyo meseji saa nzima hapa saiba ninapofanya kazi. Mwenye alikuja kuprintiwa barua akaniuliza boss, unachekea nani kwa simu? Nikamwambia ni kazi.

Nilimjibu nimekula. Sikuwa nimekula. Akaniambia, yaani akamwambia Jerotich, atoe lile neno "kabisa", sahani imepoa inatosha. Nikakasirika. Nikatoa. Jamaa ako sawa! Inauma zaidi hivyo.

Tumeandikiana hadi nikasahau kufunga mlango na mvua ikaingia.

Ijumaa, 20 Juni

Hatari! Bethwel anataka kupiga simu asikie Jerotich akisoma kwa sauti yake. Sauti gani? Yangu ni ya kuita makanga wa matatu.

Nikafikiri haraka. Nikaandika: mimi ni mgonjwa, koo imefunga, siwezi ongea.

Akili kama hizi ziko kwa watu wachache Kenya hii.

Jumamosi, 21 Juni

Nani alinituma kusema mgonjwa? Nani?

Bethwel akasimama akatangaza. Mwalimu akafungua daftari. Kabla nimeze chai walikuwa wanapanga kumtembelea! Huyu unga, yule sukari, yule mafuta ya kupika. Bethwel akasema analeta blanketi. Nikasema jameni, Molo ni mbali. Wakanicheka, ati Molo ni hapo tu, ama Sitati ameoa huko? Nikaandikiwa mkate.

Jumamosi, 28 Juni

Tulienda na pikapu ya kanisa. Watu saba. Molo, baridi ya kukata masikio, malori ya viazi yamejipanga. Mwalimu anauliza kila mtu sokoni: mama, unajua Jerotich mgonjwa? Mathe mmoja akasema Jerotich wako kibao, mnataka wa wapi? Akaita. Wakatoka watatu! Wa tatu alikuwa nyanya wa miaka kama sabini. Akasema hajui shairi lakini magoti inamuuma tangu Pasaka. Akachukua unga, sukari na mafuta, akatuombea sote, amina, akaenda.

Bethwel alikataa kutoa blanketi. Alikuwa anatuma meseji kila dakika, na simu inanitetemekea mfukoni kama panya. Nikaizima.

Halafu akakuja akakaa na mimi kwa gunia tupu, tukakata ule mkate. Akaniambia huyo msichana anaandika kama mtu hana wa kumuuliza siku imeenda aje. Akasema akikuja Nakuru mara ya kwanza alikuwa hivyo hivyo, alikuwa anasalimia redio. Hakuwa anachekesha. Akanigeukia akaniuliza, na wewe Sitati, unakaa na nani?

Mimi. Aliniuliza mimi.

Nilifungua mdomo. Ilikuwa hapa, kwa ulimi. Ningesema tu.

Nikasema nimesikia Jerotich alihamia Ndabibi.

Akakunja blanketi pole pole. Akasema sawa, Ndabibi basi. Jumamosi ijayo.

Jumatatu, 30 Juni

Jerotich ana meseji kumi na moja. Sijafungua. Huyo msichana amenishinda, nimemwacha. Laini nimeivunja na meno.

Saa saba simu ikalia, ile yangu ya ukweli. Bethwel! Hajawahi kuniandikia. "Sitati, kuja kwangu Jumatano jioni. Napika ugali na matumbo. Tuongee tu."

Nimesoma mara nne. Nikaenda nje nikasimama kidogo, nikarudi nikasoma tena.

Nikamjibu: pole, Jumatano niko bize.

Ni ukweli. Jumatano ndio Kiplangat, wa laini yangu nyingine mpya, anamwandikia Mwalimu. Kijana wa kuchoma nyama Kikopey, mshairi balaa, na anamwomba Sitati peke yake, hataki mwingine. Huyu nimempa afya ya ng'ombe. Hawezi gonjeka hata kidogo.