Mheshimiwa na Simu Zisizohitaji Mtandao

Mtandao uliondoka Jumanne asubuhi, bila kuaga. Kufika saa nne, mtaa mzima wa soko ulikuwa kama nyumba yenye msiba: watu wamekaa vibarazani, simu mikononi, na kila anayepita anaulizwa kwa sauti ya chini, "Vipi, kuna habari yoyote?" Ilisemekana mnara umeharibika. Nani alisema, na kwa simu ipi, hakuna aliyejua.

Mtu mmoja tu hakuhuzunika. Aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu alivaa tai hata akienda kununua chumvi, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Simuni mwake alikuwa na programu ya bure aliyopewa na shemeji yake mwenye pikapu. Unaandika ujumbe, simu yako inaurusha kwa simu ya jirani, ya jirani inaurusha mbele, mpaka unafika. Mtandao hautakiwi, vocha haitakiwi. Kwa Mheshimiwa, kitu cha bure ni kitu ambacho bado hakijapata wa kukiuza.

Alianza na kinyozi.

"Kaka, hii ni teknolojia ya majeshi."

"Na siri zangu?"

"Ujumbe unasafiri umefungwa. Hata mimi niliyekuuzia siwezi kuusoma."

Tatizo lilikuwa malipo, maana pesa za mtaa zilikuwa ndani ya simu, na bila mtandao hazitoki. "Nipe chochote tu, kaka. Mimi si mtu wa tamaa." Kinyozi akatoa kioo chake kikubwa. Mwuza nyama akatoa mizani. Seremala akatoa kitanda. Fundi viatu, mtu mwangalifu, akatoa kiatu kimoja cha kushoto. Cha kulia angekileta akisharidhika.

Mama Cherehani, mshona nguo wa kona, hakutaka majeshi. Binti yake alikuwa amelazwa hospitali, ng'ambo ya uwanja wa mpira, akisubiri kujifungua mtoto wa kwanza, na mlinzi wa wodi haruhusu mtu kuingia mpaka jioni.

"Mwanangu, hii itafika hospitali?"

"Mama, itafika mpaka kitandani."

Akashusha saa ya ukutani ya marehemu mumewe, akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akampa. Jioni alikwenda wodini, binti akaichukua ile programu kutoka simu ya mama yake.

Asubuhi Mama Cherehani akaandika, "Umeamkaje?" Kimya. Akaandika tena. Kimya. Akamfuata Mheshimiwa.

"Ujumbe uko njiani, mama. Salamu za mzazi ni nzito, zinatembea taratibu."

Lakini Mheshimiwa naye alikuwa na uzito wake. Kitanda hakiingii mfukoni. Akajificha nyuma ya ghala, akamwandikia shemeji yake aliyekuwa kituo cha mafuta, mwisho wa mtaa: "Shemeji, leta pikapu nyuma ya ghala saa sita. Hawa wajinga wamenunua kitu cha bure. Yule mama wa cherehani bado anangoja majibu, na uwanja ule mpana hauna hata simu moja ya kupokezana."

Aliandika kwenye ukurasa wa kwanza aliouona, ambao ulikuwa ukumbi wa watu wote. Ujumbe wa kufungwa ulikuwa ukurasa wa pili, na huko Mheshimiwa hakuwahi kufika. Alikuwa amewaambia watu habari za usiri mara nyingi mno, mpaka akaziamini mwenyewe.

Na programu ilifanya kazi vizuri ajabu. Simu ya kinyozi ililia, ya mwuza nyama ikafuata, kisha ya seremala. Shemeji aliupata wa mwisho, pamoja na majibu. Kinyozi: "Nimeona." Mwuza nyama: "Saa sita nitakuwepo." Shemeji, mtu anayependa pikapu yake, akawasha gari na kuelekea upande mwingine.

Saa sita Mheshimiwa alikuwa amekaa kitandani. Alipotazama kile kioo, akawaona wateja wake wote nyuma yake.

"Inafanya kazi kweli," alisema kinyozi. "Hongera."

"Si niliwaambia?"

"Tumpime kwanza," alisema mwuza nyama, akiokota mizani yake.

"Msimguse," alisema Mama Cherehani. "Wewe, simu moja katikati ya uwanja ingetosha?"

Kwa mara ya kwanza Mheshimiwa aliulizwa kitu anachokijua. "Ingetosha, mama."

"Basi tangulia."

Wakamsimamisha kwenye alama ya katikati, na tai yake, simu juu ya kichwa. Jua lilikuwa kali. Mara simu ikalia, na mtaa mzima ukasoma, maana binti naye aliandika ukumbini: "Mama, ni wa kike. Sote wazima. Mbona ulikuwa kimya?"

Mama Cherehani akakaa chini mlangoni kwake, simu kifuani. Vigelegele vilifika mpaka uwanjani.

"Naomba kushusha mkono," aliandika Mheshimiwa.

"Ngoja," alijibu Mama Cherehani. "Hajasema uzito."

Watu walichukua vitu vyao. Saa ya marehemu imerudi ukutani. Fundi viatu peke yake hakuchukua chake; alisema bado anafikiria.

Mtandao haujarudi, na mama na mtoto hawajaruhusiwa. Kila asubuhi Mheshimiwa anakwenda kusimama katikati ya uwanja. Jana fundi viatu alimpelekea kiatu cha kulia, na leo Mheshimiwa amevaa vyote viwili.