Difu Laini Kama Siagi

Jumatatu, 4 Mei

Siku kubwa! Injini ya pikipiki imekaa kwenye gari langu la mashindano na imekubali kunguruma. Vyombo vya mama mkwe vilicheza kabatini. Akatoka jikoni mikono masikioni na kutoa hukumu palepale: banda ni lake, na amechoka kulijaza magari mawili, langu na la Shemeji. Jumapili tunashindana kwenye lami. Atakayeshindwa atoe gari lake. Mke wangu akaongeza la kwake: gari langu likikosa banda, linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilicheka. Maskini Shemeji! Hajui kinachomsubiri.

Limebaki jambo dogo tu, gia ya kugawia tairi za nyuma nguvu. Difu.

Jumanne, 5 Mei

Si jambo dogo! Nilidhani difu ni difu. Muuza vipuri kanikalisha kwenye ndoo akanisomesha. Wapo wanaoacha difu kabisa: cheni inavuta shafti moja tupu, tairi mbili za nyuma zinazunguka sawasawa, na kona unaikata kwa maombi. Ipo difu ya kawaida, inayoachia kila tairi ijizungukie itakavyo. Na ipo inayobana, yenye sahani ndani, ili tairi moja isimeze nguvu zote peke yake. Kwa nje zinafanana kama pacha, kila moja na gia yake kubwa ya cheni ubavuni.

Nikamwambia anipe ile ambayo yeye mwenyewe angeifunga. Akanipa bila kusita! Akaanza kunieleza jinsi ya kuipima kwa mkono. Nikamwambia mikono ninayo.

Nimerudi nayo kifuani kama nimebeba kombe.

Jumatano, 6 Mei

Janga!

Shemeji naye kanunua difu, duka lilelile. Kaiacha upande wake wa meza, imefungwa taulo, akaenda kula. Shemeji akienda kula anakula kweli. Nikafungua taulo. Si upelelezi, ni ujirani.

Nikaibana ya kwake kwenye jiliwa, nikazungusha upande mmoja. Kidole kimoja! Laini kama siagi! Nikabana ya kwangu. Mikono miwili, mguu mmoja juu ya meza, mishipa ya shingo yote nje, ndipo ikasogea kidogo huku ikiguna. Nimeuziwa kutu! Na yeye, kwa sababu ana uso wa mtu mwema, kapewa siagi.

Niliona giza. Halafu nikaona taulo.

Alhamisi, 7 Mei

Nimefanya! Shemeji kaenda kula, nami nikabadilisha. Kutu ndani ya taulo, siagi ndani ya gunia langu. Kazi safi, ila mama mkwe aliingia nikiwa nimekumbatia difu zote mbili. Nikamwambia ninafuta vumbi. Akafurahi sana. Akasema mwanawe hajawahi kufuta chochote tangu azaliwe. Akaketi kunitazama nikifuta vumbi. Nimefuta banda zima, pamoja na dari.

Mimi ni hatari!

Ijumaa, 8 Mei

Cheche, fundi wa kulehemu, amekuja kuniwekea vishikio vya difu. Akazungusha tairi ya nyuma, akakunja uso, akauliza kama kweli hii ndiyo niliyoinunua. Nikamwambia nimemwita alehemu, sikumwita anihoji. Akahamia kwenye tairi. Akazisifu mno: laini, zinanata, hazina hata jino moja, na kwenye lami kavu hakuna zinazoshika kama hizo. Angalau kuna kitu anakijua.

Upande wa pili Shemeji anafunga ya kwake, jasho linamtoka, anajikuna kichwa. Nilikaribia kumhurumia.

Jumapili, 10 Mei

Nilitoka wa kwanza! Iandikwe! Kwenye mstari ulionyooka nilikuwa risasi. Mama mkwe alisimama juu ya kiti. Nilimwona Shemeji kwenye kioo akiwa mdogo kama inzi.

Halafu kona.

Gari liliinama, tairi ya nyuma ya upande wa ndani ikanyanyuka kidogo, na nguvu zote za injini zikaikimbilia hiyohiyo. Ikazunguka hewani kama feni! Ile ya chini ikatulia tu, imestaafu. Injini inapiga mayowe, mimi napiga mayowe, gari linatembea mwendo wa maandamano. Shemeji akapita. Kila kona hivyohivyo. Mwisho akanizunguka mzunguko mzima, na akanipungia mkono, tena kwa upendo.

Cheche akanieleza mbele za watu. Difu ya kawaida ndivyo ilivyo, humpa nguvu asiye na kazi. Inayobana ndiyo hubaki na nguvu kwa tairi iliyo chini, na ukiizungusha kwa mkono lazima iwe ngumu. Ugumu ndio unaoununua. Akauliza yangu ilikwenda wapi.

Ushindi ule ni wa difu yangu! Nilitaka kupanda kwenye kiti cha mama mkwe nitangaze. Lakini ningesemaje ilifikaje kwa Shemeji?

Gari langu liko nje ya dirisha la sebule, limefunikwa shuka. Mke wangu ameshaongea na mnunuzi wa vyuma. Nimelia kidogo. Ni moshi.

Jumatatu, 11 Mei

Sijapata kuona! Asubuhi Shemeji kabisha hodi, difu mkononi. Kasema hakulala vizuri. Anahisi difu zetu zilichanganyika mezani, pengine siku ile nilipokuwa nafuta vumbi, na ushindi wa difu ya mtu mwingine hautaki. Kachukua ya kwake, kanirudishia yangu, na kamwomba mama mkwe turudie Jumapili ijayo. Mama mkwe kakubali. Mnunuzi wa vyuma kaambiwa asubiri. Mke wangu akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema dari bado ina vumbi.

Gari limerudi bandani! Difu inayobana imefungwa! Cheche anasema sasa nikishindwa, nimeamua mwenyewe.

Ila nimechungulia gari la Shemeji. Tairi zake! Mpya, ngumu, zina meno marefu kama ya trekta. Nikazigusa zangu: upara mtupu, laini, zinanata hadi vidole vimebaki vyeusi. Zimeoza! Na rimu zetu ni za saizi moja.

Shemeji anakwenda kula saa saba.