Gita Iliyokataa Kuwekwa Chini

Uso wangu nimeuacha ukweni, mtaa wa Makomeno, leo mchana. Atakayeukuta njiani asiusalimie, hauna hamu ya kuongea.

Wandugu wa kundi letu la kamba sita, wapiga gita wenzangu, tangu jioni mnaniandikia: "Imekuwaje?" "Bamekubali?" "Umepiga ile ya Kambove?" Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta uongo mzuri. Sijaupata. Basi nawaeleza yote toka mwanzo, kabla watu wa Makomeno hawajanitangulia. (Muhindo, koti lako lipo. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo upige simu.)

Mnanijua. Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kumaliza mfuko wa chumvi katika nyumba moja. Kambove, Likasi, Kasomeno, Kasenga, halafu Kasomeno tena kwa sababu nilisahau sufuria. Kila mji niliingia na gita kifuani, na kila mji nilitoka nayo hivyo hivyo. Nikikaa huku naukumbuka mji wa kule, nikifika kule naukumbuka wa huku. Ugonjwa huo hauna kidonge.

Halafu nikampata Mireille. Anashona nguo karibu na soko, ana cherehani mbili na ulimi mmoja unaotosha watu watatu. Miaka miwili sasa sijahama. Lakini kwao hawaamini. Shangazi yake, Tantine Georgette, ndiye mkubwa wa familia tangu wazazi wafariki, na kila akisikia jina langu hujibu neno moja: "Ule ni muntu wa barabara. Leo eko hapa, kesho utamuona juu ya lori, camion ya Kasenga."

Leo ndiyo siku aliyokubali kunipokea. Alitaka nije na gita, asikie kama kweli napiga ile ya zamani ya Katanga, ya gumba na kidole kimoja. Baada ya muziki, ndipo tuongee mambo ya ndoa. Na Mireille alinionya jana: "Tantine akisema non, mi siwezi kumupita. Ujichunge."

Nimejichunga. Oneni sasa.

Saa nne asubuhi nilikuwa nachota maji. Ndoo ikateleza. Kucha ya gumba, ile niliyoilea miezi miwili kama mtoto mchanga, ta! Nusu ikaelea kwenye maji, nusu ikabaki kwangu. (Wanaopiga kwa plekta ya plastiki, bila kucha, hawawezi kuelewa msiba huu. Wapite tu.)

Nikaandika hapa, mnakumbuka. Vieux Mi-Grave, mkubwa wetu wa kundi hili, alijibu kabla sijafuta machozi: "Kata kipande ya balle ya ping-pong, ubandike juu ya kucha na supaglu, usugue na lime, tupa ya kucha. Miye ninafanyaka vile kila mwezi." Na Muhindo akaongeza: "Kuja ku dépôt. Biko byote."

Muhindo, kwa wale wapya, ni Mnande wa Butembo anayeuza vitu kwa jumla. Dépôt yake, ghala la bidhaa, ina kila kitu isipokuwa nafasi ya kupita. Nikakaa juu ya katoni za sabuni, nikakata mpira, nikabandika.

"Fundi viatu wa hapa inje anashikisha nayo soli za buti za basoda, baaskari," Muhindo alisema akishika kile kichupa kidogo cha gundi. "Angalia usijishike weye mwenyewe."

"Mimi si mtoto," nikamjibu. (Yawekeni maneno hayo mahali salama.)

Kucha ikatoka nyeupe, ngumu, nzuri kuliko ile niliyopewa na Mungu. Nikagusa kamba ya sita: ikalia kama kengele ya kanisa! Muhindo akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akaniangalia toka juu hadi chini.

"Utaenda ku bakwe na ile shati peke yake?"

"Ni safi."

"Bakwe banaangaliaka koti kwanza, mbele ya kuangalia muntu."

Akatoa koti lake la kijivu, la kwenda nalo kanisani, lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Nikalivaa. Mikono ilifika kwenye vidole, lakini nilipendeza. Akanipa na gundi, akisema kucha ikibanduka njiani nitairudisha. Nikaitia kwenye mfuko wa kifuani wa koti. Kifuniko nilikifunga. (Naamini nilikifunga. Hata mbele ya jaji nitasema nilikifunga.)

Nikapanda pikipiki. Gita yangu haina mfuko, mnajua, kwa hiyo naikumbatia, mgongo wake kwenye kifua changu. Barabara ina mashimo, na kwa kila shimo niliibana zaidi. Tulipokaribia Makomeno nilisikia joto kifuani, upande wa moyo. Joto kabisa! Nikafikiri ni mapenzi. Nikajisemea, kumbe umri huu bado napenda hivi.

Wandugu, haikuwa mapenzi. Gundi ile ikigusa kitambaa cha pamba inachemka.

Mireille alikuwa getini na pagne mpya ya kitenge. "Uko muzuri," akasema. "Koti ya nani?"

"Yangu," nikajibu, na nikataka kushusha gita ili nimsalimie vizuri. Gita ikashuka kidogo. Koti likashuka nayo. Shati likafuata koti. Na nywele kadhaa za kifua zikafuata shati. Nikaelewa yote palepale! Kichupa kilipasuka, na sasa gita, koti na shati vilikuwa kitu kimoja. Singleti? Sikuvaa, kwa sababu ya joto la mwezi wa kumi.

Nilifungua mdomo nimwambie Mireille. Nikaufunga. Tantine Georgette alikuwa amesimama mlangoni, na pembeni yake Patrice, kaka yake Mireille, mtu mwenye mabega ya kufunga barabara.

"Karibu, karibu!" Tantine alisema. "Patrice, pokea muzigo ya mugeni."

Mnajua namna yetu. Mgeni haingii na mzigo wake mkononi. Anapokelewa mlangoni, mzigo unawekwa ndani, na hapo ndipo amefika. Ukikataa kupokelewa, umesema hukai.

"Acha, beau, shemeji yangu," nikamwambia Patrice. "Nitaibeba mwenyewe."

"Non, beau. Kwetu hapa mugeni habebake kitu." Akavuta gita. Nikaja nayo, hatua mbili. Akavuta tena. Nikaja tena. Akaniangalia. Nikacheka. Hakucheka.

Sebuleni nikachuchumaa mbele ya Tantine kupiga makofi ya heshima. Jaribuni siku moja kuchuchumaa na gita imebandikwa kifuani! Shingo ya gita ikapiga ukuta, ikang'oa kalenda kubwa ya parokia, nayo ikanidondokea kichwani. Nilipiga makofi yangu nikiwa chini yake.

"Weka gita kwa kiti, mwanangu," Tantine alisema. "Tukule kwanza."

"Ah, Tantine, mbao yake inaogopa baridi."

"Baridi? Na hii jua?"

Nikakaa mezani na gita kifuani kama mama anayenyonyesha. Ugali wa bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga. Mireille alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza, na kila akinikanyaga kamba zililia kidogo. Kipande cha tatu cha samaki kikaniponyoka, kikapita katikati ya kamba, kikaingia kwenye tundu la gita. Po! Ilisikika nyumba nzima.

Mireille akaacha kunikanyaga.

"Beau," Patrice akauliza polepole, "na gita inakulaka?"

Tantine akameza maji. "Tuletee muziki," akasema, "mbele hiyo gita haijashiba."

Nikapiga. Hapa, wandugu, naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hili sijalitia chumvi. Nilipiga ile ambayo baba yangu mdogo alinifundisha Kambove, nyuma ya nyumba, kila akirudi kutoka mgodini. Gumba linatembea chini, kidole kinacheza juu. Kucha ya ping-pong ikaimba! Baada ya mzunguko wa pili nikasikia ti-ti-ta, ti-ti-ta. Tantine Georgette alikuwa ameshika chupa tupu ya limonade na kijiko, anaipiga pembeni vilevile ilivyopigwa zamani, macho yamefungwa. Niliacha kuogopa. Nilikuwa Kambove na nilikuwa Makomeno wakati mmoja, na kwa mara ya kwanza sikutamani kuwa mahali pengine. (Samaki alikuwa anacheza ndani, lakini alifuata mdundo.)

Nikamaliza. Tantine akafuta jasho. "Kweli," akasema, "anajua. Bazee walipigaka vile." Mireille akaniangalia kana kwamba nimeshinda uchaguzi. Halafu Tantine akaweka chupa chini, akakunja mikono.

"Sasa weka gita. Tuseme maneno ya bantu bakubwa."

Sikusogea.

"Weka gita, mwanangu."

"Tantine, naweza kusikiliza hivi hivi."

Uso wake ukafungwa kama duka saa ya chakula. "Tangu umeingia umeikamata. Patrice anaipokea, unakatala. Kwa kula, unaikamata. Sasa ninakuita tuongee juu ya mutoto yetu, na ungali nayo kwa kifua kama muntu anangojea camion. Mireille, nilikuambia nini? Huyu haikali. Eko anapita tu."

Mireille akainamisha kichwa. Nikaona miaka miwili inataka kuondoka mlangoni, nami nimekaa.

Basi nikasema. "Tantine, siwezi kuiweka. Imenishika."

"Imekushika namna gani?"

"Gundi."

Nikaeleza: ndoo, kucha, ping-pong, Vieux Mi-Grave, pikipiki, joto la moyo. Patrice akaja kuhakikisha, akavuta, nikapiga kelele. Akaondoka, akarudi na mkasi wa kushonea wa Mireille, ule mkubwa.

"Hapana!" nikalia. "Koti ni la Muhindo!"

Mireille akainua kichwa. "Ulisema ni koti yako!"

(Hata hapo, katikati ya msiba, alilikumbuka hilo. Huyu ndiye mwanamke ninayetaka kuoa.)

"Usikate nguo ya bantu," Tantine akasema. "Utoke mu nguo, gita ibakie nayo."

Mwanamume hasimami kifua wazi mbele ya mama mkwe. Hasimami hivyo hata mbele ya picha yake. Lakini njia nyingine haikuwapo. Nikageukia ukuta, nikapeleka mikono chini ya gita, nikafungua kifungo kimoja kimoja kwa kupapasa. Koti na shati nikavivua pamoja, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Mwisho nikavuta kifua. Kra! (Nywele zile hazitarudi.) Patrice akaipokea gita, hatimaye, akaiweka kwenye kiti.

Nilikuwa nimesimama sebuleni ukweni, kifua wazi, nywele zimebaki upande mmoja. Nikaokota kalenda ya parokia, nikajifunika nayo.

Na kwenye kiti, mbele yetu, gita yangu ilikaa imevaa koti la kijivu. Kola ya shati imetokeza vizuri, shingo imenyooka, mikono ya koti imelala juu ya mikono ya kiti. Kwa haki ya Mungu, ilionekana mtu wa heshima kuliko mimi siku zote za maisha yangu.

Tantine akaiangalia. Akaniangalia mimi. Akaiangalia tena. Kilichotoka kifuani mwake sijui nikiite nini, kilianza kama kikohozi, kisha akaanguka kwenye kiti akilia kwa kucheka, anapiga paja. Patrice akatoka nje, na huko nje tulimsikia. Mireille alificha uso kwenye pagne, mabega yanaruka.

"Mukwe yetu njo huyu," Tantine alisema alipopata pumzi, akionyesha gita. "Amevaa muzuri, anaikala kwa kiti, hana haraka. Huyu tunamukubali. Ule mwengine, wa kalenda, mumutafutie shati aende."

"Na gita, Tantine?"

"Inabakia hapa."

"Lakini Tantine, haijawahi kulala mahali ambapo mimi sipo."

Akaacha kucheka. Akanitazama sana. "Njo maana inabakia. Kama uko muntu wa barabara, utaenda bila gita. Kama uko mukwe, kesho kisha misa, bantu bakitoka ku kanisa, utarudia. Tutaongea. Na utatosha samaki mu gita, uitoe mbele ianze kunuka."

Nikarudi na shati la Patrice, ambalo tungeweza kulivaa watatu. Mireille alinisindikiza hadi barabarani. Aliendelea kunishika mkono, na kila hatua tatu alicheka upya.

Sasa nipo nyumbani. Kona ya gita ni tupu. Lori la Kasenga limepita hapa chini saa moja iliyopita, nikalisikia, na sikwenda dirishani. Kucha bado imeshika vizuri, Vieux Mi-Grave, asante.

Muhindo, koti lako limeshakubaliwa ukweni. Mimi jibu langu ni kesho baada ya misa. Msicheke, na anayejua dawa ya kutoa gundi aandike kabla Muhindo hajafika hapa.