Minyororo Minne kwa Trekta ya Marehemu Baba

Verlyn Haugen,
Barabara ya Kanisani,
Brandsvold, Iowa.

Ndugu Mwenyekiti Tjaden,

Natumaini mahindi yako yamesimama vizuri baada ya upepo ule. Mimi ni mzima, ila nimekasirika.

Umenizuia kuleta trekta ya marehemu baba kwenye maonyesho ya chama chetu cha matrekta ya zamani Jumamosi mpaka niifunge juu ya trela kwa minyororo minne, mmoja kila pembe. Baba aliongoza gwaride la matrekta la maonyesho hayo maisha yake yote, na mwaka huu ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kiti chake. Naomba uondoe amri hiyo, kwa sababu zifuatazo:

1. Baba alitumia kamba moja. Akishakaza fundo, aliipiga kofi na kutamka, "Hii haiendi popote." Sisi tuliosimama pale tuliitikia kwa kichwa, safari ikaanza. Lile kofi ndilo lililoshika trekta. Kamba ilikuwa heshima tu.

2. Trekta yenyewe imezeeka. Hata nyumbani haiwaki bila kubembelezwa. Nguvu za kutoroka itazitoa wapi?

3. Leo trekta, kesho nani? Kila mwaka Mchungaji Ostrem husimama kwenye trela ya gwaride, juu ya marobota ya majani makavu, na kupunga mikono yote miwili. Yeye ni mwepesi kuliko trekta, na barabara ina mashimo. Kama kweli unatenda haki, naye afungwe pembe nne.

4. Shemeji yangu Delmar, uliyemtuma kunikagua, aliitingisha kamba yangu mbele ya wanaume wote pale kituo cha mafuta, akasema, "Verlyn, hata ndama wangu simfungi hivi." Wakacheka, kahawa mkononi. Nikapiga kofi langu, nikatamka maneno ya baba. Hakuna aliyeitikia. Iliniuma sana, Mwenyekiti.

Kwa hiyo napendekeza kanuni iandikwe upya: mwanachama akipiga kofi na kutamka maneno mbele ya mashahidi wawili, mzigo uhesabiwe kuwa umefungwa.

Nisalimie mkeo Ardis, watoto, na kamati nzima isipokuwa Delmar.

Mwanachama wako mtiifu mpaka hapo,
Verlyn Haugen

N.B. Nimemsomea mke wangu LaVonne barua hii. Amesema nimemshawishi kabisa, na Jumamosi ataendesha gari lake nyuma ya trela yangu, karibu karibu, akiwa na mjukuu wetu. Tafadhali mwambie Delmar aje leo hii na minyororo minne. Kama anayo sita, alete yote.